Uso wa Mfalme wa Sataranji

Kahonzi hakuwa na miwani, hakuwa na brashi nyembamba, wala hakuwahi kupaka rangi kitu kidogo kuliko dirisha.

Alichotaka ni barua. Mwenye duka hapo Malindi alikuwa na ndugu mwenye karakana ya samani Mombasa. "Zipake upya kete za sataranji za marehemu baba, nitakuandikia barua akupe kazi," alimwambia. "Ukiziharibu, rudi kwenye milango yako."

Kete ya kwanza aliipaka rangi nzito, kama mlango. Pua ya farasi ikapotea. Akaifuta, akaizimua rangi kwa tapentaini, akapaka tabaka jepesi na kungoja likauke.

Sasa alibaki mfalme, amegandishwa kwa nta juu ya kijiti, uso wake mdogo kama punje ya mahindi.

"Malizia ndevu, fundi. Wageni wanataka kucheza," mwenye duka alihimiza.

"Uso haujakauka, tajiri."

"Hizi ndevu zangu huzipaka hina asubuhi, adhuhuri zimekauka!"

"Nikigusa sasa, macho yatatoka. Ukininyima barua, ninyime."

Mwenye duka akamgusa mfalme mwenyewe. Alipoinua kidole, jicho moja lilikuwa limehamia kidoleni.

Barazani wageni walicheka jambo jingine. Kahonzi alichukua kitambaa, akaufuta uso, akaanza upya.

Mwenye duka alitoka kuwaambia wageni mchezo ni kesho. Akarudi na kalamu, akaandika akiwa amesimama, akaifunga barua kwa lakiri, akamwita tarishi wa Mombasa.