Mchawi wa Kwamboka

Jumamosi hiyo tuliubadilisha mchezo wetu wa mezani. Siku zote tulikuwa mashujaa wa kuua madubwana kwa kurusha dadu; sasa kila mtu angechagua dubwana na kulicheza yeye mwenyewe.

Nyumba ilijaa, chai ikawa inapita mkono kwa mkono. Zimwi na joka wakanyakuliwa mapema. Kwamboka akachukua kisanamu cha jiwe laini la kuchonga la Tabaka ambacho hakuna aliyekitaka: mchawi.

Kisa cha nyanya yake, aliyechomwa ndani ya nyumba yake, tulikuwa tumekipigia porojo mara nyingi, ila si mbele yake.

"Huyo ana nguvu gani?" mwendesha mchezo akauliza.

"Hana."

"Hata kuroga?"

"Hajui kuroga. Ni mama mzee, ana shamba la ndizi na majirani wanalitaka."

"Sasa dada, si atakufa mapema? Mwongezee kitu."

"Kama nini?"

Jiwe lilikuwa halijapakwa nta, likamwachia Kwamboka unga mweupe viganjani. Akakisimamisha kisanamu katikati ya meza, akamsukumia mwendesha mchezo dadu.

"Wanakijiji unawacheza wewe," akasema. "Wako mlangoni. Rusha."