Kurasa Zilizogandana

"Mto unaashiria kumbukumbu, mti unaashiria utambulisho, moshi unaashiria vita, askari anaashiria taifa." Binti alimwaga majibu kama bomba lililofunguliwa, huku akizungusha kalamu. Mtihani wa mashairi ulikuwa kesho.

Mama yake, aliyekuwa akimenya vitunguu, akauliza, "Na huyo askari kwenye shairi anakwenda wapi?"

"Mama naye! Hilo haliulizwi."

Kijitabu cha majibu alichokuwa akikariri kilikuwa kimechakaa hadi jalada limetoka. Mama akafuta mikono, akachukua kitabu chenyewe cha mashairi. Kurasa zilikuwa bado zimegandana ukingoni, kama zilivyotoka kiwandani.

Akamwonyesha bintiye. "Yaani hujawahi kukifungua? Wakigeuza swali je?"

"Kila mtu anasoma majibu tu, mama."

Mama akazitenganisha kurasa taratibu kwa kisu cha vitunguu. Akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Askari alikuwa akivuka mto. Alikuwa na miaka kumi na saba, na mfukoni amebeba ufunguo wa nyumba yao iliyokwisha kuungua.

Kalamu ikaacha kuzunguka.

"Sasa ufunguo wa nini, mama, na nyumba imeshaungua? Hebu rudia hapo."