Magoti ya Mwalimu Ngiri

Kiboko, mkuu wa Chuo cha Nyikani, aliligeuza darasa kubwa kuwa bwawa lake la matope, na walimu wakawa wanafundisha juani. Ngiri, aliyefundisha uchimbaji wa mashimo kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, alinung'unika kuliko wote, lakini pembeni tu. Kila mkataba ulipokwisha alimpigia Kiboko magoti, akaongezewa muhula.

"Mwalimu, twende tukamwambie basi," Nungunungu, mwalimu mwenzake, alimsihi.

"Subiri nipate ajira ya kudumu, dada," Ngiri alijibu. "Siku hiyo hanifukuzi mtu. Nitamwambia yote, tena nikiwa nimesimama wima!"

Alisubiri miaka kumi na miwili. Barua ya ajira ya kudumu ilipofika, Nungunungu aliitisha kikao siku hiyohiyo, na walimu wote wakaja, maana msemaji alikuwa amepatikana. Ngiri alitembea kifua mbele hadi ukingoni mwa bwawa. Kiboko akatoa kichwa kwenye tope.

"Una neno, Profesa?"

Ngiri alifungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, magoti yake yakakunjika yenyewe.

"Nilikuwa nauliza tu, Mheshimiwa," alisema, pua ikigusa ardhi, "kama tope linatosha."

Walimu wakarudi juani. Ngiri kazi yake anayo mpaka leo, na hakuna awezaye kumfukuza. Lakini mtazame anapokula majani: mkuu hayupo, mkataba haupo, na bado amepiga magoti.