Karatasi Mbili za Darasa la Pili

Fundi cherehani alilaza karatasi mbili juu ya meza ya mwalimu, akazinyoosha kwa kiganja kama mtu anayejiandaa kukata kitambaa. Moja ilikuwa nyeupe, bado inanukia wino. Ya pili ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na sehemu yake ya juu imenyofoka.

Mama huyo alisema amekuja kumtoa binti yake shule.

Mwalimu, mama mnene mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, alimwomba akae kwanza. Kiti chenyewe kilikuwa cha watoto. Magoti ya fundi yakakaribia kidevu.

Karatasi nyeupe ilikuwa ripoti ya binti huyo, miaka saba, darasa la pili. Penye kusoma palipigwa muhuri: CHINI YA KIWANGO. Muhula mzima madaftari yalikuwa yakirudi nyumbani yamejaa tiki nyekundu, halafu sasa hili. Fundi alijiona amechezewa. Tangu jana mchana alizichambua herufi zile moja moja, midomo ikimcheza. Namba alizijua barabara, maana ndiye apimaye viuno vya mtaa mzima. Herufi za chapa alizipata kwa kuvizia. Mwandiko wa kuunganisha ulimshinda kabisa. Aliuona kama uzi uliojikoroga.

Mama yake mzazi, anayeishi naye, hakuuliza kitu alipoambiwa habari za ripoti. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake, akarudi na ile karatasi kuukuu, ripoti ya darasa la pili ya miaka ile. Mtoto kafuata damu ya mama yake, alisema, basi asisumbuliwe. Awekwe kwenye cherehani mapema kama mama yake alivyowekwa.

"Jina panya wamekula," bibi alisema. "Alama wamekuachia."

Alama zilikuwa kumi na tisa kwa mia. Fundi alizikumbuka. Baba yake alizitangaza mbele ya nyumba nzima, siku ile ilipobidi achaguliwe mtoto mmoja tu wa kuendelea na shule. Walikuwa wawili darasa moja, yeye na kaka yake aliyekuwa anarudia mwaka. Baba alisema hana upendeleo, mwenye kichwa ndiye atakayesoma.

Kaka akasoma. Sasa ni karani wa mahakama, anafunga tai hata siku za mapumziko. Kila muhula humletea mpwa wake madaftari mapya. Huyaacha mlangoni, hata akikaribishwa maji ya kunywa hana nafasi.

Fundi hakumwonea wivu. Alizoea kuwatania wateja kwamba yeye na herufi waliachana zamani, na bahati nzuri hawakuzaa.

Jambo moja tu lilimkwaza. Jana hiyohiyo mtoto alimtega kitendawili: ana jino moja, anatafuna kutwa, wala hashibi. Fundi aliwaza mpaka pasi ikaunguza kola ya mtu. Mtoto akacheka, akainyooshea kidole cherehani. Kumbe alikitunga mwenyewe. Mjinga anatunga vitendawili?

Ndiyo maana akaitaka ile karatasi kuukuu aje nayo. Bibi alikataa, akasema karatasi za nyumbani hazitembei. Fundi alingoja bibi aende kuoga, akaichukua.

Mwalimu alianza na ile nyeupe. Mtoto yuko sawa na wenzake kwenye hesabu, alisema, na tiki zile nyingi ni za hesabu. Kusoma ndiko bado yuko kwenye vitabu vya darasa la kwanza, anachanganya b na d.

"Chini ya kiwango si tusi, mama. Wewe nguo ikiwa fupi si unashusha pindo? Dakika kumi kila jioni, akusomee wewe."

"Anisomee mimi?" Fundi aliguna. Akaisukuma mbele ile ya rangi ya chai. "Soma hiyo kwanza uone katoka wapi. Mimi sikutaka aje aaibishwe mbele za watu kama nilivyoaibishwa. Hayo ya chini aliandika mwalimu wetu. Baba alinisomea, kwamba sina kichwa, nirudi nyumbani. Kama ni hivyo niambie, nimchukue mwanangu tuondoke."

Mwalimu alivaa miwani. Aliusogeza mwandiko kwenye mwanga wa dirisha, akasoma taratibu, kwa sauti ileile ya kuwasomea watoto imla:

"'Mvulana huyu amerudia darasa na bado hajui kusoma. Dada yake, anayekaa naye dawati moja, amekuwa wa kwanza. Namwomba amsaidie nyumbani.'"