Saa Tatu Ikawa Saa Tisa

Maimuna alifika ukumbini robo saa kabla ya wakati, viatu vipya vinambana, akakuta mfagizi anakusanya chupa tupu za maji.

"Wale wa Kigali? Dada, usaili umeisha saa sita. Wameshaenda zao uwanja wa ndege."

Kalenda ya simu yake ilisema usaili ni 15:00. Aliitazama mara tatu, kama vile ingeona haya ikajirekebisha.

Programu iliyopanga saa hiyo aliiandika mwenyewe. Unaisemea Kiswahili cha kawaida, "saa tatu asubuhi", nayo inaandika 09:00 kwenye kalenda ya simu. Ukisemea tena, inafuta ya kwanza. Mwaka mzima aliifundisha kwa sauti ya mama yake, Bi Kuruthumu, aliyekaa mkekani akiitajia alfajiri, magharibi na usiku wa manane mpaka ikaacha kubabaika. Programu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Kigali wamwite. Ilikuwa kazi ya ndoto yake, na sasa imempita hivi hivi.

Wito ulikuja jana yake, kwa simu, ofisini kwao mtaa wa Gerezani, chumba kimoja juu ya duka la spea la kina Ketan. Maimuna alikuwa nyuma anaswali adhuhuri. Ketan, mwenzake wa kazi tangu chuo, ndiye aliyepokea akaisemea programu, kisha akashuka dukani. Mama naye alikuwepo, ameleta chakula.

Sasa Maimuna alipanda ngazi za ofisi mbili mbili.

"Ketan, jana ulisemea saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, kama walivyosema. Kwani vipi?"

"Imeandika saa tisa!"

"Basi programu imekosea, Mai."

"Miezi minne haijakosea. Ije ikosee jana?"

Wiki nzima Ketan alikuwa akimwambia, nusu utani nusu kweli, "Ukienda Kigali mimi nabaki na nani?" Alikuwa akicheka. Leo maneno yale yalimchoma Maimuna mpaka ndani.

"Umenizunguka," alimwambia, mbele ya baba yake Ketan aliyepanda kusikiliza zogo. "Miaka sita nakuita kaka, kumbe nafuga adui. Usinijue, na mimi sikujui."

Ketan alishuka dukani, macho yamemjaa machozi.

Nyumbani, mama alimpokea kifuani. "Nyamaza, mwanangu. Binadamu ndivyo tulivyo. Riziki yako iko hapa hapa." Akampakulia wali, akamkatia na parachichi, akakaa kumtazama akila.

Lakini Maimuna hakula. Alifungua kompyuta. Programu ilihifadhi kila sauti iliyosemewa, ili kosa likitokea ajue lilianzia wapi. Hakutaka kurekebisha chochote. Alitaka ushahidi, ampelekee baba yake Ketan asikie mwanawe alivyo.

Kwa siku ya jana kulikuwa na sauti mbili, zimepishana dakika nne.

Ya kwanza ilikuwa ya Ketan: "Usaili wa Maimuna, Jumanne, saa tatu asubuhi."

Akabonyeza ya pili.

"Usaili wa Maimuna," alisema mama yake, polepole, neno kwa neno, "Jumanne, saa tisa alasiri. Mola nisamehe."