Katumwa, Karudi Mikono Mitupu

"Sifuri," mama mkwe akatangaza, miwani puani, kidole kikigusa kioo kidogo cha mashine.

"Sifuri ya nani?" mwanawe akauliza.

"Sifuri ni sifuri, mwanangu. Haina mwenyewe."

Mume akamgeukia mkewe, akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, mashine yako imelala fofofo kuliko sisi!"

Mke, ambaye ndiye fundi mwenyewe, hakucheka. Wiki nzima mume alikuwa akisema mkewe anakoroma kama mashine ya kusaga. Mke naye akisema anayekoroma ni mume, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kila mmoja aliapa kuwa yeye hulala kimya kama mto wa kitandani. Walipomwomba ushahidi mama mkwe, aliyekuwa mgeni wao katika chumba cha pili, alisema, "Mimi nimekuja kuwasalimia. Sikuja kutoa ushahidi."

Neno likazaa neno. Mwishowe mume akatamka: atakayepatikana na hatia ahamie kochini, na mama akishaondoka, kile chumba cha pili kiwe chake moja kwa moja. Mke alikubali kwa hasira, kisha akajuta kimoyomoyo. Waya ukikatika utauunga kwa solda. Kitanda kikishagawanyika utakiunga kwa nini?

Basi akaunda mashine. Kinasa sauti kimoja upande wa ukutani anakolala yeye, kingine upande wa mlangoni anakolala mume, na katikati chipu ndogo kama punje ya mahindi, aliyoiandikia programu kwa lugha ya BASIC. Waya mrefu ukapita chini ya mlango mpaka kwenye kioo mezani sebuleni, ili mwamuzi asome bila kuingia chumbani kwa watu. Mwamuzi ni mama mkwe. Hapo mume alikaza. "Mshtakiwa hasomi hukumu yake mwenyewe. Mimi sigusi, na wewe hugusi."

"Moja ni mimi," fundi alikuwa amemweleza mama mkwe. "Mbili ni mwanao."

"Na mkikoroma wote?"

"Itajumlisha, ilete tatu. Lakini hilo haliwezekani."

"Haliwezekani kabisa," mume akadakia. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana wiki ile.

Na sasa, asubuhi ya kwanza, sifuri. Fundi akafungua kompyuta, akapitia programu mstari kwa mstari huku chai yake ikipoa. Mara akajipiga paji la uso.

"Mama, kitendawili."

"Tega."

"Nimemtuma, kaenda kweli, kazi kaifanya kweli, karudi mikono mitupu."

"Huyo mwanangu," mama mkwe akajibu bila kufikiri.

"Mama!" mume akalalamika.

"Umekosa," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nipe mji."

"Chukua wowote uupendao."

"Ni fanksheni yangu. Kuna vipande vya programu unavyovituma kufanya kazi tu: washa taa, zima taa, basi. Fanksheni haiko hivyo, yenyewe lazima irudi na jibu. Na katika BASIC hii, jibu hubebwa na jina la fanksheni yenyewe, jina hilo unalikabidhi jibu kabla fanksheni haijafika mwisho. Mimi nimeusahau mstari huo. Imesikiliza usiku kucha, imejua kila kitu, halafu jibu imeliacha hukohuko ndani. Sisi huku nje tunaona sifuri."

"Kumbe ilijua, ikanyamaza," mama mkwe akasema polepole. "Ina adabu."

Fundi akauongeza mstari. Mchana mume akajilaza, akakoroma mkoromo wa uongo, na kioo kikaandika mbili. Mke akaigiza wake, kikaandika moja.

"Sasa inarudisha. Mama, ukishasoma asubuhi, bonyeza kitufe hiki ianze upya."

Kulipokucha mama mkwe akagonga mlango wao. "Sifuri!"

Siku ya pili yake, vilevile. "Sifuri, wanangu!"

"Fanksheni yako haijapona," mume alitania, lakini utani wenyewe ulikuwa umepoteza makali. Fundi akaijaribu tena mchana. Moja, mbili, kila kitu sawa. Akaitazama mashine, akamtazama mume. Kama yenyewe ni nzima, basi wiki nzima amemsingizia mtu.

"Labda ilikuwa pikipiki ya kweli," akasema. "Ya jirani."

"Na mimi labda nilikuwa naota," mume akajibu, akamsogezea kikombe.

Nyumba ikachangamka. Mtu na mkewe wakarudia kuchekana kwa mambo madogo, kama zamani. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa akinyong'onyea: akatia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akasinzia sinia la mchele likiwa mapajani.

"Mama, kwani usiku hulali?" mwanawe akauliza.

"Usingizi wa mzee ni wa kuku, mwanangu. Kesho naenda zangu. Hicho chumba changu kitieni vyombo vya kazi. Msitie mtu."

Asubuhi ya safari aliamka kabla yao, akafunga begi, akalisogeza mlangoni. Kisha akaenda mezani, akavaa miwani, akainamia kioo.

Tatu. Kama jana, kama juzi.

Akabonyeza kitufe, akachomoa pamba masikioni, akagonga mlango uliokuwa ukitetemeka.

"Sifuri, wanangu! Amkeni mnisindikize."