Waifai ya Palma

Tiki moja tu ya kijivu. Asadi alikuwa amemtumia mkewe ujumbe wa WhatsApp asubuhi, na mpaka alasiri tiki ya pili haikuja.

Alifunga duka lake la nyavu pale Mikindani kabla ya wakati. Mkewe, Shadya, alikuwa Palma, ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi ya pili, akiuza vitenge. Mchana kutwa simu yake ilikuwa kama imezikwa. Ilifufuka jioni tu, kama jana, kama juzi.

"Nazima data, mume wangu," Shadya alimweleza alipopiga. "Laini ya nyumbani ukiiachia data huku, vocha inakwisha hata salamu hujamaliza. Nangoja waifai ya gesti. Josephu ndiye kanifundisha."

"Josephu nani?"

"Mfanyabiashara mwenzangu. Tumefikia hapa hapa."

Nyuma ya sauti yake, mwanamume alicheka. Kicheko kizito cha mtu aliyejiachia.

"Kakufundisha na nini kingine?"

"Asadi! Wewe ukilala Nanyamba msimu mzima wa korosho, nimewahi kukuuliza unalala na nani? Kama huniamini, njoo uone."

"Nije vipi? Tangu nizaliwe sijavuka Ruvuma, na mamba wale sitaki kujuana nao."

Lakini wivu haujui mamba. Asubuhi Asadi alipanda gari hadi Kilambo, akavuka kwa boti, akapata gari jingine upande wa pili. Njia nzima alimwona huyo Josephu: kijana, kifua kimejaa, shati limebana, marashi yananukia. Alimwona ameshika simu ya Shadya, vichwa vyao vimekaribiana juu ya kioo. Akakunja ngumi mapajani.

Aliposhuka Palma hakumuuliza mtu njia. Alikata uchochoro mmoja, akakata wa pili, akausukuma mlango wa uani wa gesti.

Shadya alikuwa mkekani akikunja vitenge. Pembeni yake mzee mwenye mvi, meno ya mbele hana, alikuwa akimenyewa chungwa na mkewe.

"Asadi!" Shadya aliruka. "Umevuka! Kwa ajili yangu! Babu Josephu, Bibi Anna, mume wangu ndiye huyu!"

Mzee akacheka. Kicheko kilekile cha kwenye simu.

Asadi aliinamisha kichwa kwa aibu. "Shikamoo, mzee," alisema, akaketi. Bibi Anna akampa kipande cha chungwa, naye akakila.

"Data umezima?" Josephu alimuuliza.

"Niliizima kulekule Kilambo."

"Umefanya vyema. Sasa tumia waifai ya hapa. Neno lake la siri ni refu, linachosha, lakini unaliandika mara moja tu. Simu haisahau. Hata ukirudi mwakani, inajiunga yenyewe."

"Lete nikuandikie," Shadya alisema. Akaichomoa simu mfukoni mwa mumewe, bado anacheka kwa furaha, akawasha waifai.

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Kabla hajaandika hata herufi moja, simu ilijiunga yenyewe, meseji zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine.